Johann Ludwig Krapf na Kitabu cha Kusomwa Nyumbani

Katika nyumba nyingi za Wakristu wa milima ya Uluguru, tangu Mgeta hata Matombo, Biblia ipo. Ilinunuliwa wakati wa ndoa, au ilipokewa zawadi siku ya Kipaimara, nayo imefungwa katika kitambaa safi isije ikashikwa na moshi. Heshima hiyo ni njema. Lakini kitabu kilichokaa miaka kumi pasipo kufunguliwa chafanana na mtungi wa maji uliofunikwa vema, huku watu wa nyumba hiyo wakilala na kiu. Juma hili twapenda kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya mtu ambaye hakuwa wa Kanisa letu Katoliki, wala hakufika kamwe katika milima yetu; hata hivyo sote tusomao Maandiko Matakatifu kwa Kiswahili tuna deni kwake. Mtu huyo ni Johann Ludwig Krapf.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, nchi ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima, na jamaa yake walikuwa Waprotestanti wa Kilutheri. Hapakuwa na jambo lo lote la kuonyesha kwamba mtoto huyo angetengana na jembe la baba yake. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, jirani mmoja alimpiga vikali kwa kosa ambalo mtoto hakulitenda. Kipigo kile kilimletea ugonjwa, akalala kitandani muda wa miezi sita.

Mtoto aliyeonewa hivyo angeweza kuitumia miezi ile sita kwa kulea chuki moyoni. Krapf aliitumia kwa kusoma. Akawa anafikiri habari za milele, na Biblia ikawa furaha yake. Hakuwa na mwalimu kando ya kitanda, wala hakuwa anajitayarisha kwa mtihani. Alisoma habari za Ibrahimu, Isaka na Yakobo kama mtu asomaye barua iliyoandikwa kwake mwenyewe. Alipopona, wakati wa mavuno ukafika, naye akaenda mashambani akawasimulia wavunaji yale aliyoyasoma, hata baadhi yao wakamwambia mama yake kwamba kijana huyu hakosi kuwa mchungaji wa Kanisa.

Wasomaji wetu na watazame vema jambo hili, kwa maana mambo yote yaliyofuata yametoka hapo. Mtoto alisoma mwenyewe kwanza, kisha akasimulia wengine. Neno alilolipokea peke yake kitandani halikukaa peke yake.

Baadaye alipelekwa shule mjini Tübingen, akajifunza Kilatini, kisha Kigiriki na Kiebrania, yaani lugha zilizotumika kuandika vitabu vitakatifu. Akiwa shuleni alipata ramani ya Afrika, akashangaa kuona jinsi upande wa mashariki ulivyokuwa na majina machache. Mwaka 1827 aliingia katika chuo cha wamisionari mjini Basel, nchi ya Uswisi. Akakiacha kwa muda, akasoma teolojia katika chuo kikuu cha Tübingen. Hatimaye akapokewa na chama cha wamisionari wa Kanisa la Uingereza, akatumwa Ethiopia, akafika huko mwaka 1837.

Ethiopia haikumwendea vema. Katika nchi ya Tigre alifukuzwa mwaka uliofuata. Akaenda Shoa, akakaa miaka mitatu hivi, akaanza kufasiri Injili katika lugha ya Waoromo; huko nako akafungiwa mlango. Mwaka 1842 alimwoa Rosine Dietrich, na safarini wakapata mtoto ambaye hakuishi. Njia ya kaskazini ilipozibwa kabisa, Krapf alishuka kwa bahari mpaka Unguja mwanzoni mwa mwaka 1844. Sultani Sayyid Said alimpokea kwa wema, akampa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani, na mwezi wa Mei Krapf na mkewe wakakaa Mombasa.

Mwezi wa Juni 1844, kabla hajatimiza miezi miwili Mombasa, Krapf alianza kufasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Hakuifanya kazi hiyo kwa kujifungia chumbani na vitabu vyake. Alimwendea kadhi wa mji, Mwislamu mwenye elimu, akaketi naye, akauliza neno hili hutamkwaje na neno lile maana yake ni nini. Aliyezoea kusoma Kiebrania alikubali kuwa mwanafunzi mbele ya mzee wa dini nyingine, ili Neno la Mungu lisemwe sawasawa katika kinywa cha watu wa pwani.

Mwezi uliofuata homa iliingia nyumbani mwake. Tarehe 13 Julai Rosine alifariki dunia, siku chache tu baada ya kujifungua binti, na binti naye akamfuata mama yake. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa hata hakuweza kusimama vema. Akawazika upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na kaburi lile laonekana hata leo. Aliwaandikia wakubwa wake Ulaya kwamba kaburi hilo ni alama ya kazi iliyoanza. Akiwa mjane ugenini, akarudi kwenye karatasi zake, akaendelea kufasiri.

Watu wengi humkumbuka Krapf kwa sababu ya safari zake. Ni kweli kwamba mwaka 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann, wakafungua misioni Rabai. Kwamba Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro mwaka 1848, na Krapf akauona mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849. Kwamba alifika mara mbili kwa mfalme Kimweri wa Usambara, na kwa jahazi alishuka pwani mpaka rasi ya Delgado. Lakini milima ilikuwapo kabla yake, na wenyeji walikuwa wakiijua. Kazi ambayo isingalikuwapo pasipo jasho lake ni ile ya kalamu. Sura tatu za kwanza za kitabu cha Mwanzo zilichapwa Marekani mwaka 1847. Akafasiri pia sehemu kubwa ya Agano Jipya. Mwaka 1850 kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilichapwa Tübingen, naye akachagua kukiandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi, hali pwani watu walikuwa wakikiandika kwa herufi za Kiarabu. Vilevile alikusanya tenzi za kale za Waswahili zilizoandikwa kwa mkono, akazipeleka Ujerumani zikahifadhiwa.

Haifai kumfanya Krapf kuwa mtu asiye na kasoro. Aliwahukumu kwa ukali wenyeji na dini zao, na mara nyingine alishindwa kuyaona mema yaliyokuwa mbele ya macho yake. Wala hesabu ya waongofu wake haikuwa kubwa. Mtu wa kwanza kubatizwa huko Rabai alikuwa Mringe, maskini kiwete, aliyepokea ubatizo akiwa karibu na kufa. Kwa kipimo cha dunia, miaka ile yote ilizaa kidogo sana. Mwaka 1853 ugonjwa ulimrudisha Ulaya, na ingawa alikuja tena Afrika kwa muda mfupi mfupi, hakupata kukaa.

Lakini mbegu haisemi siku ya kupandwa itazaa debe ngapi. Edward Steere wa misioni ya Waanglikana alipofika Unguja mwaka 1864, alizikuta kazi za Krapf, akajifunza kwazo, akafasiri kwa Kiswahili cha Unguja. Biblia nzima ya Kiswahili hicho ilitoka mwaka 1891. Mwaka 1952 ikatoka ile iitwayo Union Version, na katika miaka ya 1990 Biblia Habari Njema, ambayo Wakatoliki na Waprotestanti waliifanyia kazi pamoja. Mmoja alikata pori, mwingine akalima, na wengine wakapalilia. Sisi ndio tulao mavuno.

Krapf alimaliza siku zake Korntal, karibu na Stuttgart, akishughulika na kamusi yake kubwa ya Kiswahili, iliyochapwa mwaka 1882. Yeye hakuiona. Tarehe 26 Novemba 1881 alikutwa amekufa, amepiga magoti kando ya kitanda chake katika hali ya kusali. Kitandani alianza kulisoma Neno akiwa mtoto, na kando ya kitanda alimkabidhi Mungu roho yake akiwa mzee wa miaka sabini na mmoja.

Sasa, Mkristu wa Morogoro ajifunze nini kwa mtu huyu?

Wamisionari wetu wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakapanda bara wakafungua Mhonda mwaka 1877, na baadaye Morogoro yenyewe. Wazee wetu wa imani walifundishwa hasa Katekisimu, kwa maswali na majibu, nao wakaishika kwa uaminifu unaotupasa kuustahi. Maandiko waliyasikia zaidi kuliko kuyasoma. Wengi walidhani kwamba kusoma Biblia nyumbani ni desturi ya Waprotestanti, na wengine waliogopa kwamba mwamini akisoma peke yake atapotea. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliondoa hofu hiyo tarehe 18 Novemba 1965, ulipowahimiza waamini wote, wala si mapadre na watawa tu, wasome mara kwa mara Maandiko Matakatifu, na kusoma kuambatane na sala. Na tangu mwaka 2019 Kanisa zima limewekewa Dominika ya Neno la Mungu.

Kuhusu hofu ya kupotea, tuseme wazi. Katika Uluguru kila mtu ajua kwamba asiyeijua historia ya lukolo lake hudanganywa kwa urahisi katika mambo ya mashamba. Mgeni mwenye maneno mengi humwonyesha mpaka usio wa kweli, naye, kwa kuwa hakuwahi kuwauliza wajomba, hana la kujibu. Ndivyo ilivyo kwa Maandiko. Mhubiri wa njiani akija na aya moja aliyoing'oa mahali pake, anayetikisika upesi ni yule ambaye hakupata kuisoma sura nzima. Anayesoma nyumbani ajua aya ile imetoka wapi, na nini hutangulia na nini hufuata.

Wala kusoma mwenyewe si kusoma kwa kiburi. Yule mtu wa Ethiopia katika kitabu cha Matendo ya Mitume alisoma mwenyewe garini mwake, lakini alipokwama hakuona haya kumwomba Filipo amweleze. Krapf alisoma peke yake kitandani, kisha akatafuta walimu mjini Tübingen na kadhi Mombasa. Sisi nasi tunalo Kanisa, tunaye padre, tunaye katekista wa kigango, tunayo jumuiya ndogo ndogo. Mwenye swali na alilete huko. Lakini mtu asiyesoma kitu hana hata swali la kuuliza.

Viko vigango milimani ambavyo padre hufika kwa nadra, hasa masika, njia zinapoteleza na mito inapojaa. Katika Dominika za namna hiyo Misa huweza kukosekana, lakini Neno la Mungu halina sababu ya kukosekana. Baba asome Injili ya Dominika jioni ya Jumamosi, watoto wakisikia. Mama asiyejua kusoma amwambie mtoto wake wa shule amsomee, naye mama amweleze mtoto maana yake katika maisha. Mgonjwa aliyelala muda mrefu asiachwe na redio peke yake. Mistari kumi kwa siku, isomwe taratibu, irudiwe, ikifuatwa na kimya kidogo na Baba Yetu, yatosha kwa mwanzo.

Krapf alimpoteza mke na watoto, akapoteza na afya yake, akifanya kazi ili Neno lipatikane katika lugha yetu. Usiku wa leo, basi, kitambaa kile na kifunguliwe, na mmoja wa nyumba hiyo asome.