Ken Uston: Aliyehesabu karata, kasino zikamfungia milango

Katika vijiwe vya Mbeya na Iringa, kamari siku hizi si ile ya karata tatu za stendi peke yake. Mashine za sarafu zimefika mpaka kwenye vilabu na magenge ya vijijini, na simu zimeleta nyingine nyingi zaidi. Katika yanayotangazwa kwenye simu lipo somo moja linalowavutia hasa vijana waliosoma hesabu kidogo: kwamba kuna mchezo wa karata, wa 21, wenyewe huuita blakijeki, ambao mtu akijifunza kanuni zake na kuhesabu karata zinazotoka ataishinda kasino. Somo hilo si uongo mtupu, na hiyo ndiyo hatari yake. Maisha ya Mmarekani Ken Uston, aliyefariki mwaka 1987, yanaonyesha ukweli wake unaishia wapi.

Alizaliwa New York tarehe 12 Januari 1935 kwa jina la Kenneth Senzo Usui. Baba yake alikuwa Mjapani na mama yake mzaliwa wa Austria. Jina la Uston alilichukua baadaye. Darasani alikuwa na kichwa chepesi. Alikubaliwa Chuo Kikuu cha Yale akiwa na miaka 16, kisha akachukua shahada ya uzamili ya biashara Harvard. Alifanya kazi katika kampuni ya simu, ya ushauri na ya saruji, na hatimaye akawa mmoja wa viongozi wa juu wa Soko la Hisa la Pacific, mjini San Francisco. Alikuwa na suti, ofisi na mshahara mkubwa. Watu wa aina hiyo hawatarajiwi kuonekana usiku wa manane wakitolewa nje na walinzi.

Ili tuelewe kilichomtoa ofisini, lazima kwanza tuuelewe mchezo wenyewe. Mchezaji hashindani na wenzake, anashindana na mchezeshaji wa kasino. Kila mmoja hupata karata mbili, na anayesogea karibu zaidi na 21 bila kuzidi ndiye mshindi. Karata za picha huhesabiwa 10, na ree, ile yenye A, huhesabiwa 1 au 11. Mchezaji anaweza kuomba karata nyingine au kusimama. Mchezeshaji hana hiari: akiwa na 16 au chini ya hapo lazima aongeze, akifika 17 anasimama. Ungedhani basi mwenye hiari ndiye mwenye nafuu. Lakini mchezaji ndiye anayetangulia kucheza, na akizidisha 21 dau lake linachukuliwa palepale, hata kama mchezeshaji naye baadaye atazidisha. Faida ya kasino imejificha hapo.

Mwaka 1956 wanajeshi wanne wa Marekani, kwa kutumia mashine za kujumlishia za mezani tu, walichapisha katika jarida la takwimu hesabu ya namna bora ya kucheza kila mkono. Baada yao profesa wa hisabati, Edward Thorp, alitumia kompyuta kubwa ya wakati huo kuiboresha hesabu hiyo, akatoa kitabu mwaka 1962. Kanuni za msingi hazina uchawi wowote. Ukiwa na 17 au zaidi bila ree, simama. Ukiwa na 12 hadi 16, tazama karata ya wazi ya mchezeshaji: ikiwa ni 7 au kubwa kuliko hiyo, ongeza, ikiwa ni 4, 5 au 6, simama, kwa maana yeye ndiye aliye hatarini kuzidisha. Ree mbili zitenganishe ziwe mikono miwili, na 8 mbili vilevile, lakini karata mbili za 10 usiziguse. Bima ambayo mchezeshaji huiuza anapoonyesha ree, usinunue. Mtu mwenye subira anaweza kuzishika kanuni zote kwa wiki chache.

Sasa lisikilizwe hili vizuri, kwa sababu wauza masomo hulipita haraka. Mtu anayezifuata kanuni hizo bila kukosea hata mara moja bado anapoteza. Anapoteza kidogo tu, kiasi cha nusu asilimia kwa kanuni nyingi za mezani, yaani kama shilingi 500 kwa kila dau za jumla ya shilingi 100,000, lakini anapoteza. Kanuni za msingi hupunguza hasara. Hazileti faida.

Faida huanzia kwenye kuhesabu. Chukua mfano wa mfuko wenye maharage mekundu 20 na meupe 20. Ukichomoa moja bila kutazama, nafasi ya jekundu ni sawa na ya jeupe. Lakini kama meupe 15 yameshatoka na mekundu ni 5 tu, mfuko umebaki na wekundu mwingi, na anayekumbuka ndiye anayejua. Karata 52 ziko hivyohivyo. Ndogo, za 2 hadi 6, ni 20. Kubwa, yaani za 10, za picha na ree, nazo ni 20. Zilizobaki ni 12 za katikati. Mhesabuji huongeza moja kichwani kila ndogo inapotoka, hupunguza moja kila kubwa inapotoka, na za katikati huziacha zipite. Jumla ikipanda, kubwa nyingi bado zimo ndani. Karata kubwa humsaidia mchezaji, kwa sababu ree na 10 za mwanzo hulipwa moja na nusu ya dau, na mchezeshaji anayelazimishwa kuongeza juu ya 16 huzidisha mara nyingi zaidi. Wakati huo ndipo mhesabuji huongeza dau. Jumla ikishuka, hurudi kwenye dau dogo.

Hakuna haja ya kukariri karata zote kama watu wanavyofikiri. Ni kujumlisha na kutoa tu, lakini kwa kasi, katikati ya kelele, saa nyingi, huku ukijifanya unacheka na jirani.

Na malipo ya kazi hiyo yote? Kwa mhesabuji mzuri, kwenye meza nzuri, faida ni kama asilimia moja ya anayoweka. Tuifanye kwa shilingi. Mtu anayeweka wastani wa 10,000 kwa mkono na kucheza mikono 100 kwa saa ameweka jumla ya milioni moja. Anatarajia faida ya 10,000. Lakini katika saa hiyohiyo bahati humrusha juu au chini kwa zaidi ya 100,000, na hilo ni jambo la kawaida kabisa. Anaweza kucheza bila kosa kwa wiki kadhaa na bado akawa na hasara. Asilimia moja hujitokeza baada ya mikono maelfu kwa maelfu, na mwenye kuifikia ni yule ambaye mtaji wake haukwisha njiani. Fedha ya mbolea haiwezi kungoja hivyo.

Uston alilijua tatizo hilo la mtaji, na ndiyo maana jina lake likaunganishwa na timu. Katika miaka ya 1970 alikutana na Al Francesco, mcheza karata wa California aliyebuni mpango wa busara. Kasino hazikuwa zimelala. Ziliwatambua wahesabuji kwa kumtazama anayepandisha na kushusha dau. Francesco akaigawa kazi hiyo kwa watu tofauti. Wahesabuji walikaa kwenye meza mbalimbali wakiweka dau dogo lisilobadilika, wakionekana watu wasio na madhara. Meza ikiwa nzuri, mhesabuji alitoa ishara ya mwili. Hapo akafika mchezaji mkubwa, mwenye mavazi ya gharama na maneno mengi, akaweka fedha nyingi kwa mikono michache, kisha akahamia kwingine. Yeye hakupandisha dau, siku zote liliwa kubwa, kwa hiyo wasimamizi waliona tajiri mlevi wa bahati. Mtaji ulikuwa wa pamoja, na hasara ya mmoja ilibebwa na wote.

Uston alianza kama mhesabuji wa kawaida, akapandishwa kuwa mchezaji mkubwa, na nafasi hiyo alizaliwa nayo. Alipenda kutazamwa. Akaiacha kazi ya soko la hisa. Mwaka 1977 akatoa kitabu kilichoeleza jinsi timu ilivyofanya kazi. Baada ya hapo mpango wa Francesco huko Las Vegas ulikwisha, na lawama zikamwendea Uston. Kwa maoni yetu lawama hizo zilikuwa za haki: siri ilikuwa ya watu wengi, naye aliitangaza peke yake.

Tangu hapo uso wake ulijulikana. Kasino moja baada ya nyingine huko Nevada zilimpiga marufuku. Alivaa nywele za bandia, akaweka ndevu za uongo, akajifanya fundi wa kazi za mikono. Mjini Reno mlinzi wa kasino alimpiga usoni na kumvunja mifupa. Kumbuka kuwa hakuwa ameiba wala kuficha karata. Kuhesabu kwa akili hakukuwa kosa katika sheria za Marekani, na mpaka leo si kosa. Lakini Nevada ilimruhusu mwenye kasino kumfukuza mteja asiyemtaka, na mteja asiyetakiwa ni yule anayeshinda.

Uston akaipeleka hoja hiyo mahakamani mahali pengine. Jimbo la New Jersey lilifungua kasino yake ya kwanza halali mwaka 1978, katika mji wa Atlantic City. Ilikuwa ya kampuni ya Resorts International, na ilimkatalia Uston meza zake za 21 mwaka uliofuata. Kesi ilipanda mpaka Mahakama Kuu ya juu kabisa ya jimbo. Mwaka 1982 majaji wakaamua kuwa kanuni za mchezo hupangwa na tume ya serikali ya kasino, na kwa kuwa tume haikuwa imeweka kanuni ya kuwazuia wahesabuji, kasino haikuwa na mamlaka ya kumtoa mtu kwa sababu tu anacheza kwa ustadi. Mtu mmoja akazishinda kasino za jimbo zima.

Ushindi huo ulikuwa na mkia. Wakulima wa viazi wa Umalila na Kilolo wanaijua lumbesa: mkulima anaweza kukubaliana bei nzuri, lakini anayeamua gunia lijae mpaka wapi ndiye anayeondoka na faida. Kasino za Atlantic City hazikuweza tena kufunga mlango, kwa hiyo zikaruhusiwa kubadili gunia. Zikatumia pakiti nyingi za karata kwa pamoja, sita au nane, ili kila karata inayotoka ibadilishe hesabu kidogo mno. Zikachanganya karata mapema, kabla hazijapungua vya kutosha kumfaa mhesabuji. Mhesabuji alikuwa na haki ya kukaa, ila meza aliyokalia haikuwa ileile.

Alijaribu mashine pia. Mwaka 1977 alishirikiana na fundi Keith Taft, aliyetengeneza kompyuta ndogo ya kufichwa mwilini na kubonyezwa kwa vidole vya miguu. Mwaka 1985 Nevada ikatunga sheria iliyofanya vifaa vya namna hiyo kuwa kosa la jinai.

Tukirudi kwenye simu zetu, tofauti ni kubwa kuliko inavyotangazwa. Michezo mingi ya 21 ya kwenye simu huchanganya karata upya kila mkono kwa kompyuta. Mfuko wa maharage hujazwa tena kabla hujachomoa la pili, kwa hiyo hakuna cha kuhesabu, hata ungekuwa Uston mwenyewe. Mashine za sarafu ndizo hazina hesabu kabisa: hakuna uamuzi wa mchezaji unaobadilisha kitu, na faida ya mwenye mashine imepangwa ndani yake. Karata tatu za stendi si kamari hata kidogo, ni utapeli, kwa kuwa karata unayoitafuta imeshahamishwa na wanaoshinda mbele yako ni wenzake. Kasino halisi zenye meza ziko zaidi katika miji kama Dar es Salaam, chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha iliyoundwa kwa Sheria ya mwaka 2003, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Anayekutumia ujumbe akikuuzia mbinu ya 21 anapata fedha yake kwako, siyo mezani. Hilo linatosha kujua anavyoiamini.

Uston naye mwishowe alipata fedha kwa kuandika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, michezo ya video ilipoenea Marekani, alitoa kitabu cha kufundisha mchezo wa Pac-Man kikauzwa sana, akaandika vingine vya michezo na kompyuta za nyumbani. Alihama mji hadi mji. Tarehe 19 Septemba 1987 alikutwa amekufa katika nyumba aliyokuwa amepanga mjini Paris, moyo ukiwa umesimama. Alikuwa na miaka 52. Hukumu aliyoishinda bado inatajwa katika mahakama na vyuo vya sheria vya Marekani pale inapojadiliwa kama mwenye biashara iliyo wazi kwa umma anaweza kumfukuza mtu bila sababu ya msingi, na kesi inaitwa kwa jina lake.