Elvis Presley: Dereva wa lori aliyeacha usukani akiwa na miaka 19

Mwezi Aprili mwaka 1954, kijana wa miaka 19 aliajiriwa kuwa dereva wa lori katika kampuni ya Crown Electric mjini Memphis, kusini mwa Marekani. Kazi yake ilikuwa kuwapelekea mafundi nyaya na vifaa vya umeme mahali walipokuwa wakifanya kazi, na ujira wake ulikuwa takriban dola moja kwa saa. Alitumaini kwamba siku moja naye angekuwa fundi umeme. Kabla mwaka huo haujaisha, alikuwa ameiacha kazi hiyo. Kijana huyo aliitwa Elvis Presley.

Alizaliwa tarehe 8 Januari 1935 mjini Tupelo, katika jimbo la Mississippi, ndani ya nyumba ya vyumba viwili. Pacha wake alizaliwa akiwa amekwisha kufa, hivyo Elvis akakua akiwa mtoto pekee wa Vernon na Gladys Presley. Dhiki haikuwa ngeni kwao. Mwaka 1938 baba alifungwa gerezani kwa kosa la kughushi hundi, na familia ikaipoteza nyumba yake. Faraja ya mtoto ilikuwa nyimbo za kanisani, na alipotimiza miaka 11 alinunuliwa gitaa. Mnamo Novemba 1948 familia ilihamia Memphis kutafuta riziki, ikapata makao katika nyumba za serikali zilizotengewa watu wenye kipato kidogo.

Sheria na desturi za wakati huo ziliwatenga watu weusi na weupe, lakini sauti za redio hazikujua mipaka hiyo. Elvis alisikiliza nyimbo za injili, muziki wa wazungu wa mashambani na blues ya Wamarekani weusi, na vyote hivyo vikakaa kifuani mwake.

Alimaliza shule ya sekondari mwaka 1953, akaanza vibarua vya kiwandani. Katika kiangazi cha mwaka huo aliingia katika studio ndogo ya Sam Phillips, akalipa takriban dola nne ili arekodi nyimbo mbili kwa gharama yake mwenyewe. Hakuitwa. Mwanzoni mwa mwaka 1954 alirudi tena, na tena hakuitwa. Kikundi kimoja cha nyimbo za injili kilimfanyia majaribio, kisha kikamkataa. Hivyo alipokabidhiwa lori, alikuwa amekwisha kubisha hodi katika milango kadhaa bila kufunguliwa.

Hatimaye, tarehe 5 Julai 1954, Phillips alimkutanisha studioni na mpiga gitaa Scotty Moore na mpiga besi Bill Black. Walijaribu nyimbo za taratibu hadi usiku bila mafanikio. Wakati wa mapumziko, Elvis alianza kuuimba kwa kasi wimbo wa That's All Right, uliotungwa na msanii mweusi Arthur Crudup. Wenzake wakaufuata. Phillips, aliyekuwa katika chumba cha mitambo, akawataka waanze upya ili aurekodi.

Siku chache baadaye mtangazaji Dewey Phillips, asiye na udugu na mwenye studio, aliupiga wimbo huo redioni mjini Memphis. Wasikilizaji walipiga simu kwa wingi, naye akaurudia mara kadhaa usiku uleule. Elvis, kwa woga, alikuwa amejificha katika jumba la sinema, na wazazi wake ndio waliokwenda kumtoa humo ili ahojiwe. Mtangazaji alimuuliza amesoma shule gani. Katika mji ambao watoto waligawanywa shuleni kwa rangi zao, jibu hilo liliwatosha wasikilizaji kujua kwamba mwimbaji ni mzungu.

Pamoja na hayo, Elvis hakuacha kazi siku iliyofuata. Kwa miezi kadhaa aliendesha lori mchana na kuimba usiku. Alikuwa na sababu nzuri ya kusitasita, kwa kuwa ujira wake ulisaidia kuitunza nyumba. Baadaye alisimulia kwamba baba yake alimtaka achague kati ya umeme na gitaa, akimwonya kuwa hajawahi kumwona mpiga gitaa aliyefika mbali. Tarehe 2 Oktoba aliimba mjini Nashville katika Grand Ole Opry, onyesho la redio lenye sifa kubwa, lakini hakualikwa tena. Majuma mawili baadaye alipokewa vizuri mjini Shreveport, Louisiana, na mwezi Novemba akapewa mkataba wa kuimba huko kila Jumamosi kwa mwaka mzima. Shreveport iko zaidi ya kilomita 500 kutoka Memphis, hivyo kazi mbili hazikuwezekana tena. Akauacha usukani, na Moore na Black nao wakaziacha kazi zao.

Mafanikio yalikuja upesi. Novemba 1955 kampuni ya RCA ilinunua mkataba wake kwa dola 35,000. Mwaka 1956 sauti yake ilienea duniani, na mwaka 1957 aliwanunulia wazazi wake jumba la Graceland. Mama yake hakulifaidi kwa muda mrefu, kwani alifariki Agosti 1958, wakati Elvis akiwa jeshini. Jeshi lilimpeleka Ujerumani na kumrudisha katika kazi aliyoijua: aliendesha gari aina ya jeep.

Kwa miaka mingi mambo yake yaliamuliwa na meneja wake, Tom Parker, aliyefikia kuchukua nusu ya mapato. Elvis alicheza filamu zaidi ya 30, nyingi zikiwa hafifu. Ingawa alipendwa kila bara, hakuwahi kufanya onyesho nje ya Marekani isipokuwa Kanada, mwaka 1957. Afya yake ilidhoofishwa na matumizi ya dawa za hospitali kupita kiasi, na tarehe 16 Agosti 1977 alifariki nyumbani kwake akiwa na miaka 42. Crudup, aliyetunga wimbo ulioanzisha yote, alikuwa amekufa mwaka 1974 akiwa maskini, bila kulipwa mirabaha yote aliyoidai.

Kijana huyu alipoacha lori, alikuwa mwangalifu: alipima, akangoja, na hakuondoka mpaka mkataba wa mwaka mzima ulipokuwa mkononi. Uangalifu huo ulimpungukia katika mikataba iliyofuata, ambayo aliwaachia wengine waiamue kwa niaba yake.