Ludwig Erhard: Baba wa uchumi wa soko unaojali jamii

Mwanzoni mwa mwaka 1948 maduka ya Ujerumani yalikuwa matupu. Fedha ya zamani ilikuwa imepoteza thamani, watu walinunua chakula kwa sigara, na magendo yalishamiri. Aliyekabidhiwa uchumi katika maeneo yaliyokaliwa na Marekani na Uingereza alikuwa Ludwig Erhard.

Erhard alizaliwa Februari 4, 1897 mjini Fürth, Bavaria, mtoto wa mfanyabiashara wa nguo. Alijeruhiwa vibaya katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, kisha akasomea uchumi.

Juni 20, 1948 sarafu mpya, Deutsche Mark, ilianza kutumika, na kila mtu alipewa 40 za kuanzia. Papo hapo Erhard aliondoa udhibiti wa bei za bidhaa nyingi, isipokuwa kodi za nyumba na vyakula vya msingi. Maduka yalijaa, lakini bei zilipanda kuliko mishahara. Novemba 12 mamilioni ya wafanyakazi waligoma kwa siku moja. Erhard hakurudi nyuma.

Hata hivyo, soko peke yake halikutosha. Erhard akiwa waziri wa uchumi, sheria ya 1951 iliwapa wafanyakazi wa makaa ya mawe na chuma nusu ya viti katika bodi za usimamizi. Ile ya 1952 iliwatoza waliobaki na mali nusu ya thamani yake, kwa awamu za miaka 30, kuwafidia wakimbizi na wengine waliopoteza mali zao. Mageuzi ya 1957 yaliambatanisha pensheni na mishahara. Haya Erhard aliyapinga, akihofia gharama.

Alikuwa kansela mwaka 1963. Uchumi ulipoyumba 1966, serikali yake ilivunjika kwa mvutano wa bajeti. Mwaka uliofuata, warithi wake walipitisha sheria inayoitaka serikali kutumia bajeti kulinda ajira nyakati za mdororo.

Erhard alifariki Mei 5, 1977 mjini Bonn. Msukosuko wa fedha wa 2008 ulipozuka, ukosefu wa ajira Marekani ulifika asilimia 10 mwaka uliofuata. Nchini Ujerumani makampuni mengi yalipunguza saa za kazi badala ya wafanyakazi, na mfuko wa bima ya ajira ukafidia sehemu ya mishahara. Nchi zote mbili ni za kibepari. Tofauti ilikuwa nani abebe hasara: aliyeachishwa kazi peke yake, au wote kwa pamoja.