Mwalimu Nyerere: Mhariri Aliyepanda Kizimbani, Rais Aliyekula Kiapo

Tarehe 30 Agosti, 1960, Watanganyika walipiga kura kuchagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Chama cha TANU kilijinyakulia viti 70 kati ya 71. Kiti kimoja pekee kilichokiponyoka chama hicho kilikuwa cha Mbulu, jimbo ambalo wakati huo lilijumuisha Karatu, katika nyanda za juu zinazopakana na Ngorongoro. Mgombea rasmi wa TANU, Chifu Amri Dodo, alishindwa na Herman Elias Sarwatt, mwanachama wa TANU aliyeamua kusimama kama mgombea binafsi.

Katika hesabu ya viti, tukio hilo lilikuwa dogo. Hata hivyo, linagusa swali lililomwandama Hayati Baba wa Taifa, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, tangu alipokuwa mhariri wa kijigazeti cha chama hadi alipostaafu urais: mwananchi apate wapi habari za kumwezesha kuamua, na nani mwenye mamlaka ya kumwamulia?

Kutoka Butiama hadi Edinburgh

Mwalimu Nyerere alizaliwa tarehe 13 Aprili, 1922, katika kijiji cha Butiama, mashariki mwa Ziwa Victoria. Alikuwa mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akaendelea na masomo Tabora, kisha Chuo cha Makerere nchini Uganda. Baada ya kufundisha katika Shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, alikwenda Uskoti mwaka 1949 kusoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, na alirejea nchini mwaka 1952 akiwa na Shahada ya Uzamili.

Mwaka 1953, akiwa mwalimu Pugu, alichaguliwa kuwa Rais wa Tanganyika African Association. Tarehe 7 Julai, 1954, chama hicho kilizaliwa upya kwa jina la TANU. Mwezi Machi 1955, Mwalimu alifika mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa mjini New York kueleza madai ya Watanganyika. Aliporudi alilazimika kuchagua kati ya kazi ya ualimu na siasa, naye akaacha ajira.

Magazeti ya wakati wa ukoloni

Mwananchi aliyetaka kusoma habari za nchi yake katika miaka hiyo hakuwa na uwanja mpana wa kuchagua. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa mwaka 1923, lilikuwa la serikali ya kikoloni. Gazeti la Tanganyika Standard, lililoanza mwaka 1930, liliandikwa kwa Kiingereza na kuwalenga zaidi walowezi, wafanyabiashara na watumishi wa serikali. Redio nayo ilikuwa chini ya uangalizi wa utawala. Waafrika walikwisha kujaribu kuwa na sauti yao, kama ilivyokuwa kwa gazeti la Kwetu la Erica Fiah lililoanza mwaka 1937, lakini uwezo wa fedha na mitambo ulikuwa mdogo.

Katika mazingira hayo, TANU ilianzisha mwaka 1957 jarida dogo la Sauti ya TANU. Lilitolewa kwa mashine ya kudurufu, na mhariri wake alikuwa Mwalimu Nyerere mwenyewe. Mapema mwaka huo serikali ilikuwa imempiga marufuku kuhutubia mikutano ya hadhara, hivyo kalamu ikawa njia muhimu ya kuwafikia wanachama.

Kizimbani kwa ajili ya makala

Toleo la Mei 1958 lilikuwa na makala iliyowashutumu maofisa wa wilaya wa kikoloni kwa kutumia vibaya madaraka yao dhidi ya wananchi na chama. Serikali ilimfungulia Mwalimu mashtaka ya kashfa. Kesi ilianza Dar es Salaam mwezi Julai 1958, na miongoni mwa mawakili wake alikuwepo Mwingereza D. N. Pritt, aliyewahi kumtetea Jomo Kenyatta katika kesi ya Kapenguria. Mwezi huo huo Gavana mpya, Richard Turnbull, alichukua nafasi ya Edward Twining.

Mahakama ilimtia hatiani mwezi Agosti na kumtaka alipe faini ya shilingi 3,000 au atumikie kifungo cha miezi sita. Kiasi hicho kililingana na pato la mwaka ambalo lilikuwa moja ya sifa zilizomwezesha mtu kupiga kura katika uchaguzi uliokuwa unakaribia. Kwa maneno mengine, faini ya makala moja ilikuwa sawa na kipato ambacho Watanganyika wengi hawakuwa nacho hata kwa mwaka mzima wa jasho.

Uamuzi haukuwa mwepesi. Kwenda gerezani kungemjengea sifa ya ushujaa, lakini kungekiacha chama bila kiongozi wake wiki chache kabla ya kura, na hasira za wanachama zingeweza kuzaa vurugu ambazo serikali ingezitumia kukifungia chama. Faini ililipwa. Mwezi Septemba wapiga kura wa Jimbo la Kaskazini, ambalo Mbulu ilikuwa sehemu yake, walishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Solomon Eliufoo na Sophia Mustafa, walioungwa mkono na TANU, walikuwa miongoni mwa waliotokea jimbo hilo kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria.

Somo la Mbulu

Uchaguzi wa mwaka 1960 ulikuja ukiwa na sura nyingine. Kati ya viti 71, viti 58 havikuwa na ushindani, na wagombea wake walipita bila kupingwa. Katika viti 13 vilivyobaki, wananchi walipewa nafasi ya kuamua, na Mbulu ndiko walikoamua tofauti na uongozi wa chama. Hawakuikataa TANU wala madai ya uhuru, kwa kuwa mshindi mwenyewe alikuwa mwanachama wa TANU. Walichokikataa ni kuletewa mgombea wasiyemtaka.

Mwalimu aliapishwa kuwa Waziri Kiongozi mwezi Septemba 1960, akawa Waziri Mkuu mwezi Mei 1961, na Tanganyika ikapata uhuru tarehe 9 Desemba, 1961.

Kabla ya siku hiyo, Ngorongoro ilimletea mtihani wa namna nyingine. Sheria ya mwaka 1959 ilikuwa imeitenga Ngorongoro na Hifadhi ya Serengeti, na wafugaji wa Kimaasai waliotakiwa kuondoka Serengeti wakaruhusiwa kuishi Ngorongoro pamoja na wanyamapori. Mwaka huo huo filamu na kitabu cha Bernhard Grzimek na mwanawe Michael kuhusu Serengeti vilitoka na kusambaa duniani. Watazamaji wa Ulaya walijifunza mengi kuhusu nyumbu na pundamilia, lakini kuhusu mfugaji walisikia zaidi hoja za waliomwona kuwa tishio. Hofu ikaenea kwamba serikali ya Waafrika isingeweza kulinda wanyama hao. Mwezi Septemba 1961, Mwalimu alitoa tamko linalojulikana kama Ilani ya Arusha, akiahidi kwamba Tanganyika ingeutunza urithi huo na kuomba msaada wa wataalamu na fedha. Tamko hilo liliituliza dunia, ingawa suala la namna ya kulinganisha haki za mfugaji na uhifadhi liliendelea kuwa zito kwa awamu zote za uongozi zilizofuata.

Rais wa kwanza

Tarehe 22 Januari, 1962, wiki sita tu baada ya uhuru, Mwalimu alijiuzulu uwaziri mkuu na kumwachia Rashidi Mfaume Kawawa, ili yeye akakijenge upya chama. Nchi ilipoamua kuwa jamhuri, uchaguzi wa Rais ulifanyika tarehe 1 Novemba, 1962. Mpinzani wake pekee alikuwa Zuberi Mtemvu wa African National Congress, aliyeihama TANU mwaka 1958 kwa kutokubaliana na uamuzi wa Mkutano wa Tabora wa kushiriki kura tatu.

Mwalimu alipata kura 1,127,978 na Mtemvu kura 21,276. Chama cha Mtemvu kilikuwa kidogo, ilhali TANU ilikuwa na matawi karibu kila kona ya nchi pamoja na gazeti lake la Uhuru. Tarehe 9 Desemba, 1962, aliyekuwa mhariri wa kijarida kilichoshtakiwa aliapishwa kuwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika. Mizani ilikuwa imegeuka: chama kilichokuwa kikilalamikia habari za upande mmoja sasa ndicho kilichokuwa na gazeti, redio na dola.

Mwaka 1963 Mwalimu aliandika kijitabu kuhusu demokrasia na mfumo wa vyama. Alieleza kwamba katika nchi ambayo chama kimoja kinaungwa mkono na karibu watu wote, kumpitisha mgombea wa chama bila kupingwa kunamnyima mwananchi nafasi ya kuchagua. Uchaguzi wa Septemba 1965, wa kwanza chini ya Katiba ya chama kimoja, ulifuata fikra hizo. Majimbo mengi yalikuwa na wagombea wawili wa TANU, mmoja akitumia alama ya jembe na mwingine ya nyumba. Walifanya kampeni kwenye mikutano ya pamoja, na hakuna aliyeruhusiwa kudai kwamba ndiye chaguo la Rais. Wapiga kura waliwaangusha viongozi kadhaa wakubwa, akiwemo Waziri wa Fedha, Paul Bomani. Kile ambacho wananchi wa Mbulu walikifanya mwaka 1960 kwa kuukiuka uamuzi wa chama, sasa kiliruhusiwa ndani ya utaratibu wa chama.

Kalamu mikononi mwa dola

Kwa upande wa magazeti, mkondo ulikuwa tofauti. Tarehe 5 Februari, 1970, serikali ililitaifisha gazeti la The Standard. Rais akawa Mhariri Mkuu wake, na uendeshaji ukakabidhiwa kwa Frene Ginwala kutoka Afrika Kusini. Maelekezo ya Rais yaliliruhusu gazeti kuwakosoa viongozi na utendaji wa serikali, mradi liunge mkono siasa ya Ujamaa. Mipaka ya ruhusa hiyo ilionekana mwaka 1971, Ginwala alipoondoka baada ya tahariri iliyoilaumu serikali ya Sudan. Mwaka 1972 gazeti hilo liliunganishwa na The Nationalist na kuzaa Daily News, lililoongozwa na Benjamin William Mkapa. Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 iliipa serikali uwezo wa kulifungia gazeti.

Wapo walioona hatua hizo kuwa za lazima kwa taifa changa lililokuwa likijenga umoja. Wapo pia waliosema zilimweka mwandishi wa habari mahali pale pale alipowekwa Mwalimu mwaka 1958. Hoja zote mbili zimo katika historia ya nchi, na hakuna inayofutwa na nyingine.

Mwananchi tena

Mwaka 1985 Mwalimu alistaafu kwa hiari na Ali Hassan Mwinyi akashika uongozi. Magazeti binafsi yalipoanza kuchipua na vyama vingi kurejea mwaka 1992, Mwalimu alikuwa tayari ni mwananchi mwenye hoja, asiye na dola. Alipotofautiana na viongozi waliokuwa madarakani juu ya muundo wa Muungano, alirudia silaha yake ya zamani, yaani kalamu. Kitabu chake, Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, kilichapishwa Zimbabwe mwaka 1994.

Katika uchaguzi wa Oktoba 1995 alimnadi Benjamin Mkapa, mhariri wa zamani wa magazeti, aliyeapishwa kuwa Rais tarehe 23 Novemba mwaka huo. Vyama vya upinzani vililalamika kwamba Redio Tanzania iliegemea upande wa chama tawala. Katika uchaguzi huo huo, wapiga kura wa Karatu walimchagua Dkt. Wilbrod Slaa wa Chadema, aliyehamia chama hicho baada ya jina lake kutopitishwa na CCM. Miaka 35 baada ya kura ya Mbulu, wananchi wa eneo lile lile walikuwa wamempeleka bungeni mtu ambaye chama hakikumteua.

Mwalimu Nyerere alifariki dunia mjini London tarehe 14 Oktoba, 1999, na akazikwa Butiama. Aliwahi kuadhibiwa kwa makala na aliwahi kuwa na mamlaka juu ya makala za wengine. Katika vipindi vyote viwili, wapo wananchi waliosoma gazeti, wakasikiliza redio, wakahudhuria mikutano, kisha wakaenda kwenye sanduku la kura na uamuzi wao wenyewe. Jukumu la kila chombo cha habari, cha umma au cha binafsi, ni kumpa mwananchi huyo taarifa za kweli na kamili. Kuamua ni haki yake.