Lev Termen, mtu aliyepiga muziki wa umeme bila kugusa chombo

Wapiga muziki wa umeme wa leo wanapanda jukwaani na kibao cha kioo. Wanatelezesha vidole vitano ao kumi kwa mara moja, na sauti inapanda, inashuka ao kutetemeka kufatana na vidole hivyo. Kioo kinajua kidole kiko wapi kwa sababu mwili wa mtu unaweza kupokea na kuweka umeme kidogo, sawa na kioo cha telefone kinavyofanya kila siku. Akili ya kutumia mwili ginsi hiyo ili kuongoza sauti ina zaidi ya miaka 100. Ilitoka kwa kijana mmoja wa Urusi, Lev Sergeyevich Termen, anayejulikana katika inchi nyingi kwa jina la Léon Theremin.

Termen alizaliwa Saint Petersburg mwezi wa nane 1896. Alisoma fizikia na pia alijifunza kupiga selo, ile violoni kubwa ambayo mpigaji anaikalia na kuiweka kati ya magoti. Kisha mapinduzi ya 1917, alifanya kazi ya redio katika jeshi jekundu, halafu akaingia katika taasisi ya fizikia iliyoongozwa na mwanasayansi Abram Ioffe.

Munamo mwaka wa 1920 alikuwa akitengeneza mtambo wa kupima tabia za gesi. Mtambo huo ulitoa mlio, na akaona kwamba mlio unabadilika kila mara alipousogeza mkono wake karibu. Mhandisi mwingine angetafuta njia ya kuondoa kasoro hiyo. Termen, mpiga selo, alianza kutafuta noti ndani yake.

Chombo alichotengeneza, ambacho watu walikiita teremini, ni sanduku lenye antena mbili. Ndani mnatoka mawimbi mawili ya redio, ya haraka mno hata sikio haliwezi kuyasikia. Wimbi moja halibadiliki. Lingine limeungwa na antena iliyosimama wima, na mkono ukikaribia antena hiyo, mwendo wa wimbi unapungua kidogo. Tofauti kati ya mawimbi hayo mawili ndiyo sauti inayosikika: mkono ukikaribia, sauti inapanda, ukienda mbali, inashuka. Antena ya pili imepindwa kama pete, na mkono wa kushoto ulio juu yake unaongeza ao kupunguza nguvu ya sauti.

Kwa maneno inaonekana kazi rahisi. Lakini mpiga gitaa ana mistari ya chuma inayomuonyesha pa kuweka kidole, na mpiga piano ana vibao. Hapa kuna hewa tu. Hata kichwa kikisogea, noti inapotea.

Mwezi wa tatu 1922, Termen aliitwa Kremlin kumuonyesha Lenin chombo chake. Kiongozi huyo, ambaye aliutaka umeme ufike katika kila kijiji cha inchi, alijaribu kupiga yeye mwenyewe na akafurahi. Termen alipewa ruhusa ya kuzunguka inchi nzima na teremini, kama mhubiri wa umeme. Miaka michache baadaye alitengeneza pia mtambo wa kuonyesha picha kwa mbali, televisheni ya kwanza kwanza ya Urusi, lakini wakubwa waliuficha kama siri ya jeshi.

Mwaka wa 1927 alitumwa Ulaya. Alipiga Ujerumani, kisha London na Paris, mbele ya kumbi zilizojaa, na mwisho wa mwaka huo akavuka bahari mpaka New York. Huko aliishi karibu miaka kumi na moja. Wakati huo wote alikuwa pia akipeleka habari za viwanda vya Marekani kwa wakubwa wake wa Moscow.

Kampuni RCA ilinunua haki ya kutengeneza teremini na ilitoa karibu 500 kuanzia mwaka wa 1929. Iliwaambia wanunuzi kwamba mtu yeyote anayejua kupiga mluzi ataweza kuicheza. Haikuwa kweli, na uchumi wa Marekani ulianguka mwaka uleule. Biashara ilikufa.

Aliyeonyesha ukweli wa chombo hicho ni Clara Rockmore, mwanamke aliyezaliwa Vilnius na aliyekuwa mtoto wa ajabu katika kupiga violoni, mpaka ugonjwa wa mkono ulipomlazimisha kuacha. Alitengeneza namna yake ya kufungua na kufunga vidole hewani ili kukamata kila noti mahali pake. Alimdai Termen chombo chenye noti nyingi zaidi na chenye kujibu haraka zaidi, na Termen akamtengenezea. Alimuomba pia amuoe, lakini Clara aliolewa na mwanasheria.

Termen hakubaki kwenye antena tu. Alitengeneza selo isiyo na nyuzi, ambayo vidole vinabonyeza ukanda mweusi na mkono mwingine unasukuma kishikio cha nguvu ya sauti. Kati ya vyombo vyake, hicho ndicho kilicho karibu zaidi na vibao vya kioo vya leo. Pamoja na mtunzi Henry Cowell, alitengeneza mtambo wa kupiga midundo mingi kwa mara moja. Na alijenga jukwaa ambalo mcheza dansi alitoa muziki kwa mwili wake mzima. Mwaka wa 1932 jukwaa hilo lilionyeshwa Carnegie Hall.

Kisha alimuoa Lavinia Williams, mcheza dansi Mmarekani mweusi. Katika Marekani ya miaka ile, ndoa hiyo ilifunga milango mingi: marafiki matajiri waliokuwa wakimkopesha pesa walianza kumkimbia. Madeni yakapanda. Mwezi wa tisa 1938 aliingia katika meli ya Kisovieti na kuondoka. Watu wengi waliamini kwamba alitekwa nyara. Uchunguzi uliofanywa baadaye unaonyesha zaidi kwamba alikimbia madeni. Lavinia alibaki na hakumuona tena.

Alirudi wakati mbaya kabisa. Mwezi wa tatu 1939 alikamatwa, akahukumiwa miaka minane na kupelekwa Kolyma, kwenye machimbo ya baridi kali ambako wafungwa wengi walikufa. Elimu yake ndiyo iliyomuokoa. Serikali ya Stalin ilikuwa na magereza maalum ambako wahandisi wafungwa walifanya utafiti, na Termen alihamishwa huko.

Mwezi wa nane 1945 watoto wa shule wa Kisovieti walimpa balozi wa Marekani, Averell Harriman, zawadi ya mti uliochongwa: nembo ya Marekani yenye tai. Ilitundikwa katika makao ya balozi Moscow. Ndani yake kulikuwa na kazi ya mfungwa Termen, mikro ndogo isiyo na betri wala waya, iliyoamka tu wakati mawimbi ya redio yalipotumwa kwake kutoka nje. Ilisikiliza kwa miaka saba mpaka Wamarekani walipoigundua 1952. Ilikuwa elimu ileile ya mawimbi yanayoguswa bila kuguswa. Termen aliachiliwa 1947, mwaka aliopewa tuzo ya Stalin, na akaendelea kufanya kazi ya ujasusi kwa miaka mingi.

Ngambo, watu walimhesabu kama marehemu. Sauti ya teremini ilisikika katika sinema za Hollywood bila mwenyewe kujua. Kijana Robert Moog alianza kutengeneza na kuuza teremini katika miaka ya 1950, na mwaka wa 1964 akatoa sintesaiza yake iliyobadilisha muziki wa dunia.

Baadaye Termen alipata kazi katika maabara ya sauti ya chuo cha muziki cha Moscow, akarudia vyombo vyake. Mwaka wa 1967 mwandishi wa gazeti la New York Times alimkuta huko na kuandika kwamba Termen angali hai. Habari hiyo ilimponza: wakubwa wa chuo walimfukuza, na vyombo vyake vikatupwa.

Mwaka wa 1989 aliruhusiwa kwenda katika tamasha la Bourges, Ufaransa, na 1991 alirudi Marekani, akiwa na miaka 95. New York alikutana na Clara Rockmore, ambaye alikuwa mzee na mjane. Alifariki Moscow tarehe 3 Novemba 1993. Kabla ya hapo alikuwa amemfundisha Lydia Kavina, mtoto wa ukoo wake, kupiga teremini tangu akiwa na miaka tisa, na Lydia amekipiga chombo hicho katika kumbi za inchi nyingi.