Zinzendorf Apita Nyumba kwa Nyumba

Mwanzoni mwa mwaka 1727 kijiji cha Herrnhut, katika nchi ya Saksonia huko Ujerumani, kilikuwa na waumini wapatao 300. Wengi wao walikuwa wameacha nyumba na mashamba kwa ajili ya imani. Lakini watu hao waliovumilia mateso pamoja walishindwa kukaa pamoja kwa amani. Jirani hakupatana na jirani, na waliosali chini ya paa moja walitazamana kwa mashaka.

Mwenye ardhi ile alikuwa Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, aliyezaliwa Dresden tarehe 26 Mei 1700 katika ukoo wa kabaila. Baba yake alifariki mtoto akiwa na majuma machache tu. Mama yake alipoolewa tena, kijana alilelewa na bibi yake, mwanamke msomi na mwombaji. Alipokuwa shuleni Halle yeye na rafiki zake walianzisha chama kidogo walichokiita cha Punje ya Haradali, wakaahidiana kumpenda Kristo na kuwapenda watu wote. Alitamani kuwa mchungaji, lakini watu wa nyumbani mwake hawakuona kwamba kazi hiyo inamfaa mtu wa ukoo wake. Akapelekwa Wittenberg kusoma sheria. Akiwa huko, kijana asiye na cheo chochote kanisani, alijaribu kuwapatanisha wanatheolojia wa Wittenberg na wale wa Halle, waliokuwa wakigombana kwa maandishi. Hakufanikiwa. Alitaka sana umoja, ila alikuwa bado hajajifunza unapatikanaje.

Mwaka 1722 alinunua shamba la Berthelsdorf kutoka kwa bibi yake, na mwaka huohuo akamwoa Erdmuthe Dorothea. Ndipo akaja seremala mmoja aitwaye Christian David. Huyu alizaliwa Moravia, akachunga kondoo utotoni, na alipoipata Injili hakunyamaza. Moravia wakati huo iliwatesa wazao wa Ndugu, kanisa la zamani lililotokana na kazi ya Jan Hus. Christian David aliomba hifadhi kwa ajili yao, na Zinzendorf akakubali. Mwezi Juni 1722 seremala huyo akapiga shoka mti wa kwanza, na nyumba za Herrnhut zikaanza kujengwa. Alirudi Moravia mara kwa mara kwa hatari kubwa, akawaongoza watu kuvuka mpaka usiku. Hao ndio waliokuja kuitwa Wamoraviani. Jina hilo si geni kwa wasomaji wetu wa Mbeya na Tabora, kwa kuwa wamisionari wao walifika Rungwe mwaka 1891.

Habari za kijiji chenye uhuru wa dhamiri zilienea, wakaja na wengine: Walutheri, watu wa kanisa la Reformed, na wafuasi wa Schwenckfeld. Kila kundi lilikuja na desturi zake. Wamoraviani walitaka taratibu za baba zao. Mchungaji wa Berthelsdorf, Johann Andreas Rothe, alikuwa Mlutheri na alitaka utaratibu wa parokia yake ufuatwe. Kisha mwaka 1726 akafika mtu aitwaye Krüger, msemaji hodari aliyeyajua Maandiko. Alifundisha kwamba kanisa la Kilutheri ni Babeli, kwamba Zinzendorf ndiye mnyama wa Ufunuo, na Rothe nabii wa uongo. Baadaye Krüger alirukwa na akili na kuondoka, lakini maneno yake yalibaki kijijini. Jambo lililouma zaidi ni kwamba Christian David naye alivutwa na mafundisho hayo. Mtu aliyekijenga kijiji kwa mikono yake alijitenga nacho, akajijengea kibanda pembeni.

Zinzendorf angefanya nini? Kisheria ardhi ilikuwa yake, na angeweza kuwafukuza wote waliomtukana. Tena alikuwa na kazi ya serikali Dresden, na angeweza kuendelea nayo na kuwaachia wagombane. Hebu darasa lifikirie hapo kidogo, maana wengi wetu tungechagua moja ya njia hizo mbili.

Yeye aliomba ruhusa kazini, akahamia Herrnhut na familia yake. Kisha akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Aliketi na waliomwita mnyama, akawasikiliza, akasoma nao Biblia, akaomba nao. Jambo hili lilichukua majuma mengi. Tukisoma habari za uamsho wa Herrnhut huwa tunakimbilia mwezi Agosti na kuruka miezi hii ya kubisha hodi. Mimi naona kazi kubwa ilifanyika hapa.

Tarehe 12 Mei 1727 aliwakusanya, akasema nao kwa muda wa saa tatu hivi kuhusu uovu wa mafarakano. Akawasomea taratibu za kuishi pamoja kindugu. Ndani yake waliahidi kudumu katika upendo na watoto wa Mungu wa kila kanisa, na kutowahukumu wala kushindana nao. Watu wakampa mkono mmoja mmoja, wakazikubali. Wakachaguliwa wazee kumi na wawili, na kati yao wanne wakapatikana kwa kura kuwa wazee wakuu, ikiwa imekubaliwa kwamba mwenye cheo cha ukoo au elimu kubwa asipewe nafasi hiyo. Mmoja wa wanne hao alikuwa Christian David, seremala wa kile kibanda cha pembeni. Hakuna aliyesema angojwe kwanza aonekane kama amebadilika kweli.

Katika miezi iliyofuata walijigawa katika vikundi vya watu wawili au watatu, wakutane, waungamiane na kuombeana. Jumatano tarehe 13 Agosti walialikwa kwenye Meza ya Bwana katika kanisa la Berthelsdorf. Walikwenda kwa miguu kutoka Herrnhut, na njiani waliokuwa hawasemezani walisogeleana na kuombana msamaha. Ndani ya kanisa wengi walilia. Waliotoka mle walisema kwamba siku hiyo walijifunza kupendana. Christian David hakuwepo. Alikuwa safarini Sorau kwa kazi ya Bwana, na inasimuliwa kwamba aliporudi aliuliza ni nini kilichotokea saa ile, kwa kuwa naye alisukumwa kuomba.

Majuma mawili baadaye ndugu na dada waligawana saa za siku, ili usiku na mchana awepo anayeomba. Zamu hizo ziliendelea kwa zaidi ya miaka 100. Kutawadhana miguu, huduma tunayoifahamu sisi, nako kukawa desturi yao kwa miaka mingi. Mwaka 1732 Leonhard Dober na David Nitschmann walitoka Herrnhut kwenda kisiwa cha St. Thomas kuwahubiria watumwa Waafrika. Mwaka uliofuata Christian David, akiwa na wenzake wawili, akaelekea Greenland.

Si kila jambo lilimwendea vema Zinzendorf. Mwaka 1736 alifukuzwa Saksonia, na ilipita zaidi ya miaka kumi kabla ya kuruhusiwa kurudi kwa uhuru. Mwaka 1742 huko Pennsylvania aliitisha mikutano saba ili kuwaunganisha Wajerumani wa madhehebu mbalimbali, wakiwemo watunza Sabato wa Ephrata. Mkutano baada ya mkutano wajumbe walipungua, kwa kuwa wengi walihofu kwamba anataka kuwaweka wote chini yake. Labda hofu yao haikuwa bure. Huko alikuwa mgeni mwenye cheo, aliyekutana nao mezani kwa siku chache. Hakuwa amekaa nyumbani mwao kama alivyokaa Herrnhut.

Christian David alifariki mwaka 1751, akiwa ndani ya ushirika ule aliowahi kuukimbia. Zinzendorf alilala mauti Herrnhut tarehe 9 Mei 1760. Watumishi 32 wa Injili walipokezana kulibeba jeneza lake hadi kilimani, na miongoni mwao walikuwemo waliorudi kutoka Uholanzi, Uingereza, Amerika ya Kaskazini na Greenland.