Padre Jacques wa Yesu (1900–1945): Mwalimu Mkuu na Dhamana ya Malezi

1.0 Utangulizi

Mwalimu mkuu wa shule ya bweni hupewa dhamana mbili: kuwafundisha watoto na kuwalinda kwa niaba ya wazazi wao. Aghalabu dhamana hizo hazipingani na sheria za nchi. Maisha ya Padre Jacques wa Yesu, mtawa wa Shirika la Wakarmeli nchini Ufaransa, yanadhihirisha hali ambapo sheria yenyewe iligeuka kuwa adui wa mtoto, na mlezi akalazimika kuchagua.

2.0 Chimbuko Lake

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Lucien Bunel. Alizaliwa tarehe 29 Januari 1900 mjini Barentin, Normandy, katika familia ya mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Akiwa na umri wa miaka 12 alijiunga na seminari ndogo ya Rouen, na mwaka 1925 alipata daraja ya upadri. Alifundisha kwa miaka kadhaa mjini Le Havre, lakini moyo wake ulivutwa na maisha ya sala na ukimya. Ndiyo sababu alijiunga na Wakarmeli mjini Lille, akapewa jina la kitawa la Jacques. Jambo la kushangaza ni kwamba huyo aliyetafuta ukimya ndiye aliyeagizwa na shirika lake kufungua shule ya wavulana huko Avon, karibu na Fontainebleau, mwaka 1934.

3.0 Shule Wakati wa Vita

Vita vilipozuka mwaka 1939, aliitwa jeshini, na mwaka uliofuata akawa mateka wa Wajerumani. Aliachiwa mwezi Novemba 1940, na mwezi Januari 1941 shule ikafunguliwa tena. Wakati huo serikali ya Vichy ilikuwa imekwisha kutunga sheria iliyowafukuza Wayahudi katika kazi ya ualimu. Padre Jacques alimwajiri Lucien Weil, mtaalamu wa botania aliyekuwa Myahudi. Mwaka 1943 aliwaandikisha wavulana watatu wa Kiyahudi kwa majina ya bandia: Hans-Helmut Michel, Jacques-France Halpern na Maurice Schlosser. Mvulana wa nne alifichwa miongoni mwa wafanyakazi wa shule, naye baba yake Schlosser akatafutiwa hifadhi kwa mwanakijiji.

Uamuzi huo haukuwa mwepesi. Kuwapokea watatu hao kulikuwa na maana ya kuwatia hatarini watawa wenzake na wanafunzi wengine wote. Kuwakataa kulikuwa na maana ya kuwakabidhi kwa wauaji.

4.0 Kukamatwa na Kifo

Tarehe 15 Januari 1944 Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, waliivamia shule. Walimkamata Padre Jacques pamoja na wale wavulana watatu, na shule ikafungwa. Siku hiyo hiyo Weil alikamatwa nyumbani pamoja na mama yake na dada yake. Wote sita, yaani wavulana na familia ya Weil, walisafirishwa tarehe 3 Februari kwenda Auschwitz, na huko wakauawa.

Padre Jacques alipitishwa katika magereza na kambi kadhaa hadi Mauthausen na Gusen. Huko aliendelea kuwa mlezi: aligawa chakula chake kwa waliodhoofu zaidi, tena alijifunza Kipolandi ili aweze kuwahudumia wafungwa wa taifa hilo. Majeshi ya Marekani yalipowakomboa wafungwa mwezi Mei 1945, alikuwa na kifua kikuu na uzito wa kilo 34 hivi. Alifariki mjini Linz tarehe 2 Juni 1945, akazikwa Avon.

5.0 Hitimisho

Mwaka 1985 taasisi ya Yad Vashem ya Israeli ilimtambua miongoni mwa Wenye Haki wa Mataifa. Miaka miwili baadaye Louis Malle, aliyekuwa mwanafunzi shuleni siku ya uvamizi, alitoa filamu iliyotokana na mkasa huo.

Heshima hizo hazifuti ukweli kwamba watoto watatu hawakuokoka. Akipimwa kwa matokeo peke yake, mwalimu mkuu huyo alishindwa. Hata hivyo, kipimo hicho kinamtwisha mlezi hatia ya muuaji. Kwa muda wa mwaka mmoja hivi, watoto waliokataliwa na dola walikuwa na dawati, kitanda na mtu wa kuwatetea. Na mtu huyo alipotakiwa kulipa gharama ya utetezi huo, aliilipa kwa uhai wake.